Nani Aitike, Nani Atumwe: Habari za Moto wa Rweya katika Bukoba na Muleba

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia akinitaka nitoe makala ya historia, bila shaka alitazamia kwamba nitaandika juu ya Wajerumani na Bakama, kama walivyokwisha kufanya ndugu zetu kadhaa katika matoleo yaliyopita. Mimi si mwanahistoria. Nilisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa serikali. Lakini kwa viangazi vitatu mfululizo, yaani 2021, 2022 na 2023, nilipewa kazi ya kusimamia chumba kimoja mjini Bukoba ambacho kilikuwa kikipokea habari za moto wa nyika na misitu, na kuamua ni nani apelekwe wapi. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuwaulizauliza wazee habari za kale, maana kila siku nilijikuta nikigongana nazo.

Kwa wale tuliosoma nao lakini hawakuzaliwa Buhaya, na ambao labda wamekwisha kusahau yale waliyoyaona wakati wa matembezi ya Jumapili, napenda kukumbusha jinsi nchi yetu ilivyo. Ardhi imekaa kama migongo mirefu iliyolala kaskazini na kusini, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia ziwani kwenda magharibi. Juu ya migongo hiyo kuna vibanja, yaani migomba, kahawa na nyumba za watu. Kati ya kijiji na kijiji kuna nyasi tupu, na hizo ndizo tuziitazo rweya. Kando ya ziwa mvua ni nyingi mno, hupita milimita 2,000 kwa mwaka hapo Bukoba, lakini kadiri uendavyo magharibi hupungua hata ikafika nusu yake. Hata hivyo miezi ya Juni, Julai na Agosti ni mikavu kila mahali, na nyasi ambazo mwezi wa Mei zilikuwa zikilowesha suruali zako huwa zimekuwa kama karatasi.

Rweya haikuwa nchi ya bure. Nyasi zake ziliezeka nyumba za msonge, zilitandikwa sakafuni, zilifunika udongo wa migomba, na ng'ombe walizila. Humo humo akina mama walilima njugu mawe kwa zamu, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Kwa hiyo mtu aliyetia moto kabla ya wakati alikuwa amewaibia wenzake paa la nyumba. Mtu aliyetia moto kwa wakati wake alikuwa akifanya kazi inayoeleweka: kuua kupe, kuotesha majani mabichi ya ng'ombe mvua zikaribiapo, au kusafisha shamba. Jambo hili lingefaa likumbukwe na wataalamu wenzangu, ambao aghalabu huzungumza juu ya wachomaji kana kwamba wote ni wahuni.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba rweya imekuwako tangu nchi ilipoumbwa. Sivyo. Kuanzia miaka ya 1970 wachimbuaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mmarekani Peter Schmidt, walifukua mabaki ya matanuru ya chuma huko Katuruka, karibu na Maruku, na kadhalika huko Kemondo. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza matokeo yao katika jarida la kisayansi la Marekani, na dunia ikajua kwamba mafundi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Tumezoea kujivunia jambo hilo, nami najivunia. Lakini chuma hutaka makaa, na makaa hutaka miti. Waliochunguza masalia ya mimea wameona kwamba msitu ulirudi nyuma na nyasi zikashika mahali pake, hata mafundi wa baadaye wakawa wanachoma matete ya bwawani ndani ya shimo la tanuru. Mvua nyingi ikaosha rutuba ya udongo uliobaki wazi, na moto wa kila kiangazi ukazuia miti isirudi. Kwa hiyo moto wa rweya ni mzee kuliko ukoo wowote wa kifalme tunaoujua.

Sasa nije kwenye jambo lililonihusu. Hapo kale moto ukitoroka, habari ilipelekwa kwa enduru. Mtu wa kwanza kuuona alipiga yowe, jirani akalipokea, na likavuka mgongo wa nchi kwa kasi ambayo pikipiki haiwezi. Wazee wote niliowauliza wanasema kwamba asiyeitikia enduru aliulizwa sababu, na kama hakuwa na sababu alikuwa na neno la kujibu mbele ya wenzake. Lakini enduru huita tu, haitumi. Watu wakishafika hapana budi awepo mmoja wa kusema: ninyi kateni huku, ninyi msubiri kule, watoto warudi. Huyo alikuwa mukungu, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na Mukama, na kama mukungu hakuwepo, alikuwa mzee ambaye kila mtu alimjua. Kuita na kutuma ni mambo mawili mbalimbali, na katika viangazi vyangu vitatu sikuona jambo lililowatatiza watu kuliko hilo.

Waingereza walipotawala waliongeza sheria ya kudhibiti moto wa nyasi, na maafisa wao wa misitu walihimiza uchomaji wa mapema, yaani kuchoma mwanzoni mwa kiangazi wakati majani bado yana unyevu na moto hutambaa chini polepole. Lilikuwa shauri jema, na wafugaji wetu walikuwa wakilijua siku nyingi. Kwa kuwa walitawala kupitia Bakama, aliyetekeleza sheria hiyo kijijini alikuwa bado ni yule yule mukungu. Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo, ikabaki bila bakungu kama sehemu nyingine zote. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilileta mfumo wa nyumba kumi kumi, na balozi akawa mtu wa kwanza kupata habari ya mwizi, ya mgeni na ya moto. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na sheria ndogondogo zilizokuwa mikononi mwao zikakosa mwenyewe. Mwaka 1975 ikaja sheria ya vijiji, na mwaka 1982 sheria ya kurudisha serikali za mitaa. Tulipoingia katika vyama vingi mwaka 1992 balozi akabaki mtu wa chama, na shughuli za serikali zikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Sisemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Mukungu wa kale alikuwa na mengi ya kulalamikiwa, na wakulima waliokuwa chini ya nyarubanja wanaweza kueleza vizuri kuliko mimi. Ninalosema ni kwamba katika muda wa miaka 30 jibu la swali "moto ukiwaka, tumwambie nani?" lilibadilika mara nne, na rweya ile ile iliendelea kuwaka kila Julai.

Shuleni kwetu jibu lilikuwa rahisi. Wale wa kizazi changu watakumbuka kwamba kabla ya kufunga shule mwezi Juni tulifyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka kiwanja, upana wa hatua kumi, na kwamba waliochelewa namba walifyeka sehemu yenye mawe. Kiranja mkuu alikuwa na orodha ya mabweni: bweni hili lishike upande wa ziwa, lile lishike upande wa barabara. Tulidhani ni adhabu. Kumbe ulikuwa mpango kamili wa kupambana na moto, wenye mtu wa kuita na mtu wa kutuma, na sijaona mpango ulio bora kuliko huo katika ofisi nyingi nilizopitia.

Chumba chenyewe nilichokisimamia hakikuwa na fahari yoyote. Kulikuwa na meza mbili, ramani kubwa ya mkoa ukutani, redio ya mawasiliano, simu kadhaa, na kompyuta moja iliyotuletea habari za satelaiti. Vijana wanne walipokezana. Wageni walipokuja walikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, na ni kweli kwamba inastaajabisha. Satelaiti mbili za Marekani, Terra iliyorushwa mwaka 1999 na Aqua iliyorushwa mwaka 2002, zina chombo kinachoona joto la moto katika kila mraba wa kilomita moja. Nyingine iliyorushwa mwaka 2011 huona miraba midogo zaidi, ya mita 375. Habari hizo hutolewa bure kwa dunia nzima, na moto huonekana kama nukta nyekundu juu ya ramani.

Lakini nukta hiyo huchukua kama saa tatu kufika. Satelaiti inayopita yapata saa saba na nusu mchana hukuletea habari saa kumi na nusu, na katika rweya kavu yenye upepo moto wa saa saba na nusu umekwisha vuka bonde na kuingia kata nyingine. Mawingu huuficha. Zaidi ya hayo, nukta haisemi kama ni moto uliotoroka, au ni mkulima anayechoma shamba lake kwa ruhusa, au ni tanuru la matofali. Kwa hiyo satelaiti ilitufaa zaidi jioni, kuhesabu yaliyopita, kuliko mchana, kuamua yajayo.

Wakati wa mchana tulitegemea macho ya watu na somo la jiografia. Mtu wa Kamachumu akipiga simu kusema moshi uko kusini-magharibi yake, na mtu wa Nshamba akasema uko kaskazini-magharibi yake, unachora mistari miwili kwenye ramani na pale inapokatana ndipo penye moto. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kupima pembe kwa dira juu ya kilima nyuma ya mabweni, nasi tukanung'unika kwamba hatutakuwa manahodha. Nimewafundisha vijana wa zamu somo lile lile kwa maneno yake yale yale.

Njia hii ndiyo waliyoanza nayo Wamarekani, ambao leo wana vituo vikubwa vya kuelekeza vikosi vya kuzima moto wa misitu. Kilichowaamsha kilikuwa moto wa Agosti 20 na 21, 1910, katika milima ya Idaho na Montana. Kwa siku mbili ziliungua kiasi cha ekari milioni 3, na watu wapatao 85 wakafa, wengi wao wakiwa vibarua waliopelekwa kuzima. Mlinzi mmoja wa misitu aitwaye Ed Pulaski aliwaongoza watu wake yapata 45 kuingia katika pango la machimbo ya zamani, akasimama mlangoni na bastola akisema atampiga atakayetoka nje. Wachache walikufa kwa moshi, wengi wakapona. Baada ya hapo Wamarekani walijenga minara ya kulindia moto juu ya vilele, wakatandika nyaya za simu, na mlinzi wa kila mnara alipewa chombo cha kupimia pembe ili mistari ikutane. Mwaka 1935 wakaweka kanuni kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili. Waliifuata kwa zaidi ya miaka 40, kisha wakaiacha, walipotambua kwamba misitu mingine huhitaji kuungua kidogo, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Ihangiro angewaambia. Mwaka 1965 walifungua kituo cha pamoja huko Boise, Idaho, na humo ndimo ilimokomaa kanuni ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote: atumwe aliye karibu zaidi, bila kujali amevaa sare ya idara gani.

Katika Kagera aliye karibu zaidi havai sare. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 baada ya kazi hiyo kuwa mikononi mwa halmashauri za miji, hupokea simu kwa namba 114 na lina kazi kubwa mijini. Lakini kutoka Bukoba hadi Muleba mjini ni yapata kilomita 70, na gari la maji haliwezi kushuka genge. Mashamba makubwa ya miti ya serikali kama Rubare yana watu wake waliofundishwa. Mengine yote, yaani rweya na miti ya wananchi, huzimwa na wanakijiji wenye matawi mabichi, mafyekeo na majembe. Nao ndio waliopanda miti hiyo. Kwa miaka mingi sasa watu wa Muleba na Bukoba wamekuwa wakipanda misindano na mikaratusi juu ya rweya, na shamba la misindano ndilo ada ya watoto, ndilo mazishi, ndilo bati la nyumba. Kwa hiyo siku hizi moto wa rweya haulambi nyasi tu kama zamani. Aidha, ukuta wa migomba ambao daima uliuzima moto mlangoni mwa kijiji si mnene kama ulivyokuwa, hasa tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Muleba mwaka 2006 na watu wakalazimika kung'oa mashina.

Nitaeleza kisa kimoja, bila kutaja kijiji. Ilikuwa Agosti 2022, saa nane mchana. Mwenyekiti wa kitongoji alipiga simu kwamba moto umetoka bondeni na unapanda mteremko unaotazama ziwa, na juu ya mteremko huo kuna mashamba ya misindano. Watu wapatao arobaini walikuwa wamekusanyika kileleni na matawi yao, tayari kushuka kuukabili. Sasa, yeyote aliyekaa pwani ya ziwa letu anajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Moto nao hupenda kupanda kuliko kushuka, kwa sababu ndimi zake hukausha majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia. Mteremko na upepo vilikuwa vinausukuma upande mmoja, na upande huo ndiko waliko watu. Nilimwambia mwenyekiti asimruhusu mtu kushuka. Warudi nyuma hadi ukingo wa vibanja, wafyeke njia pana, wakae hapo mpaka upepo ulale. Pia nilimwomba awahesabu kwa majina.

Mzee mmoja akaomba apewe simu.

"Mwanangu," akasema, "wewe uko Bukoba kwenye kiti. Mimi niko hapa naitazama miti yangu."

"Shikamoo, mzee. Naomba watu wasishuke."

"Marahaba. Kwa hiyo iungue?"

"Kama haina budi, mzee, iungue."

Akanyamaza, halafu nikasikia simu ikirudishwa kwa mwenyekiti. Vijana sita walishuka hata hivyo, wakafika theluthi ya njia, wakausikia mlio wake na kurudi mbio. Karibu ekari nne za misindano ya miaka tisa ziliteketea, na zote zilikuwa za mzee yule. Jua lilipotua upepo ulilala, watu wakaingia kutoka pembeni ambako palikwisha ungua, na kufika saa mbili usiku moto ulikuwa umekwisha kwenye njia waliyoifyeka. Mwenyekiti alinisomea majina 41. Hakukosekana mtu.

Wiki tatu baadaye mzee yule alikuja ofisini. Nilidhani amefuata fidia, nami nilijua kwamba hakuna fungu lolote la kumpa. Hakutaja fidia. Alitaka karatasi yenye jina la mtu aliyewazuia watu siku ile, saa yake, na sababu zake, na sahihi. "Wajukuu wangu wataniuliza miti ilikwenda wapi," alisema. "Zamani tulijua ni mukungu gani aliyesema nini. Sasa amri inatoka kwenye simu." Niliandika barua ukurasa mzima, nikaeleza habari ya upepo na mteremko, nikatia sahihi na kumpa. Mkubwa mmoja wa wakati huo hakufurahi. Alisema nimeifungulia ofisi mlango wa madai. Mimi nilimjibu kwamba anayewaamuru watu arobaini wasimame au waende hapana budi awe na jina, na mpaka leo sijabadili mawazo. Tangu siku hiyo kila agizo lililotoka chumbani mwetu liliandikwa katika daftari: saa, jina la aliyeagiza, jina la aliyeagizwa, idadi ya watu kabla na baada.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu inayohusu moto, na hakuna afisa misitu asiyeijua. Lakini katika viangazi vyote vitatu sikuwa na senti moja iliyotengwa kwa mwanakijiji anayeungua mguu akizima moto usio wake. Waliopata majeraha, na walikuwepo, tulichangishana chumbani. Yule asiyelipwa, asiyevishwa sare na asiyekatiwa bima ndiye anayefika kwanza, na ndiye anayetumwa. Mwenye kumtuma angekumbuka hilo kila mara anapoinua simu, maamuzi mengi yangekuwa ya polepole kidogo, na mengine yangekuwa ya haraka zaidi.

Jambo hili si la moto wa nyasi peke yake. Usiku wa Septemba 14, 2020, bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu huko Kyerwa lilipoungua, watoto kumi walipoteza maisha, na waliowahi kufika walikuwa majirani. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Watu 24 waliokolewa na 19 walikufa, na kijana mmoja mvuvi akasifiwa nchi nzima na kuingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwa ajili yake. Siku ile kazi yetu ya moto ilikuwa imefungwa kwa mvua za vuli, nami nilisimama ufukweni na wengine nikiitazama kamba iliyokuwa ikivutwa na mamia ya watu. Yowe lilikuwa limepigwa na watu walikuwa wameitika kweli kweli. Macho yangu yalikuwa yakimtafuta yule wa kusema nani avute na nani asubiri.

Hata Oktoba mwaka 2020, mlima Kilimanjaro ulipowaka na kuunguza kiasi cha kilomita za mraba 95, waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji. Nimezungumza na mmoja aliyekuwako. Hakusimulia sana habari za moto. Alisimulia habari za chakula, ya nani alijua kikundi gani kiko wapi usiku, na baridi.

Ndugu wawili watatu wameniuliza ni chombo gani kilikuwa cha thamani kuliko vyote katika chumba kile. Lilikuwa daftari la majalada magumu lenye majina ya wenyeviti wa vitongoji wa Bukoba Vijijini na Muleba, na mbele ya kila jina namba mbili za simu: yake na ya jirani yake ambaye simu yake huwa na chaji. Ilituchukua kiangazi kizima cha 2021 kulijaza, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 ulikuwa umebadilisha watu wengi na hakuna aliyekuwa ameandika upya. Safu ya tatu ilikuwa ya mambo ambayo hayamo katika fomu yoyote: huyu ni kiziwi kidogo, piga kelele, huyu yuko mnadani kila Jumamosi, kijiji hiki wana pampu mbili za mgongoni za kupulizia kahawa, hapa humsikiliza katekista kuliko mwenyekiti.

Nilimkabidhi aliyenipokea daftari hilo mapema mwaka 2024. Novemba mwaka huo nchi ilipiga kura tena katika vitongoji, na kabla ya Krismasi alinipigia simu kunieleza kwamba karibu nusu ya namba zangu zimekwisha kazi. Tukakubaliana aanze na Kamachumu, maana huko kuna watu wanaoona mbali, kisha ashuke Nshamba na Rubya, na kwamba yatimie yote kabla nyasi hazijakauka mwezi wa Juni.